Bei ya Kuacha: Kuitazama Traffic Ukiwa Nairobi

Mapema katika Traffic, jenerali anayeondoka ofisini anamsimulia jaji anayeingia kisa cha barua mbili. Khrushchev alipong'olewa mamlakani, ndivyo kisa kinavyosema, alimwachia mrithi wake barua mbili. Ukijikuta kwenye shida usiyoweza kujinasua, fungua ya kwanza. Ukinaswa tena, fungua ya pili. Shida ikaja, mrithi akafungua, akakuta ameambiwa amtupie mtangulizi wake lawama zote. Akafanya hivyo, mambo yakatulia. Shida ya pili ilipokuja akafungua barua iliyobaki. Humo aliambiwa aketi chini, aandike barua mbili.

Ni mzaha wa watu wa ofisi kubwa. Lakini ukishaitazama filamu nzima, dakika zake 147, unaona kwamba mzaha huo ndio ramani yake. Kila mtu humu amerithi vita kutoka kwa mtu aliyevishindwa, na kila mtu anatafuta mlango wa kutokea. Swali ambalo filamu inauliza, na ambalo kwa maoni yangu inalijibu nusu tu, ni hili: nani ana ruhusa ya kuacha?

Steven Soderbergh aliitoa mwishoni mwa mwaka 2000. Mwaka uliofuata ilichukua Oscar nne: ya mwelekezi, ya skripti iliyoandikwa na Stephen Gaghan, ya uhariri, na ya mwigizaji msaidizi, Benicio del Toro. Wengi wa rika langu tulikuwa bado tunatambaa, au hatukuwa tumefika duniani kabisa. Tumeipata baadaye, kwenye flashi ya rafiki au duka la sinema la mtaani, katikati ya mafaili mengine ya polisi na walanguzi. Ukiichukua kama filamu ya polisi na walanguzi itakuchosha. Risasi ni chache. Kinachoendelea humu zaidi ni watu waliooana kushindwa kuambiana ukweli.

Kuna hadithi tatu zinazopishana. Ya kwanza ni ya Robert Wakefield (Michael Douglas), jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio, anayeteuliwa kusimamia vita vya Marekani dhidi ya mihadarati huku binti yake Caroline, msichana wa miaka 16 anayepata alama za juu shuleni, akivuta heroini nyumbani kwake. Ya pili ni ya Helena Ayala (Catherine Zeta-Jones), mke wa tajiri wa San Diego, mjamzito, ambaye anajua kazi halisi ya mumewe siku polisi wanapoingia sebuleni kumkamata. Ya tatu ni ya Javier Rodríguez (Del Toro), polisi wa Tijuana, anayejikuta akimtumikia Jenerali Salazar, mwanajeshi anayepigiwa makofi kwa kuwakamata walanguzi, kumbe anawasafisha kwa niaba ya walanguzi wengine.

Huyo Salazar hakutoka hewani. Februari 1997, Mexico ilimkamata Jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo, mkuu wa idara yake ya kupambana na mihadarati, kwa kulishirikia genge la Juárez. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho kwa wiki chache tu. Ukiwa Mkenya hushtuki sana. Unauliza tu nani alimpigia simu kumwambia hongera alipoteuliwa.

Tuanze na ndoa ya jaji, kwa sababu hapo ndipo filamu inapiga hatua yake bora.

Wakefield ana tamaa ya cheo, lakini ni tamaa iliyopigwa pasi. Hasukumi mtu, hapigi kelele, anangojea kuitwa. Anaalikwa kwenye karamu ya Washington ambako maseneta halisi, akiwemo Orrin Hatch na Barbara Boxer, wanaigiza nafsi zao na kumpa ushauri huku wameshika glasi. Anapelekwa kwenye kituo cha mpakani cha San Ysidro kuona foleni ya magari. Ndani ya ndege anawaambia wasaidizi wake watoe mawazo mapya, yoyote yale, bila woga. Kimya. Unasikia injini tu. Nimeona mikutano ya namna hiyo hapa Nairobi, ambapo bosi anataka mawazo mapya na kila mtu anaangalia daftari lake.

Akirudi Cincinnati, nyumba nayo ina kimya chake. Mkewe Barbara (Amy Irving) alijua kwa miezi sita kwamba binti yao anatumia dawa, na hakumwambia. Jaji anapandwa na hasira. Lakini Barbara naye ana swali lake: na hiyo whisky unayoinywa kila jioni kabla ya chakula, hiyo ni nini? Ukiangalia vizuri, katika onyesho hilo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kila mmoja anatafuta kosa la mwenzake ili lake lionekane dogo. Ni barua ya kwanza ile ile ya Khrushchev, safari hii imefunguliwa chumbani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo imechoshwa na wanasiasa wetu, wanaoitumia kumaanisha msaliti kwenye chama. Humu inarudi kwenye maana yake ya mwanzo. Huyu mzee anavuka nchi nzima kumtafuta adui, na adui yuko bafuni kwake, mlango umefungwa, bomba la maji linamwagika ili kelele isisikike.

Sasa weka ndoa hiyo kando ya ile ya akina Ayala. Carlos yuko rumande. Deni la genge linamngojea mkewe, watu wanamtisha kuhusu mtoto wao, na akaunti zimefungwa. Helena, aliyekuwa akinywa na mabibi wa klabu mchana kutwa, anageuka. Anavuka mpaka hadi Tijuana, anakaa mbele ya bosi wa genge akiwa na mwanasesere aliyetengenezwa kwa kokeni yenyewe, kitu ambacho mbwa wa mpakani hatakinusa, na anatoa masharti yake: deni lifutwe, apewe haki ya kuuza, na shahidi mkuu wa kesi ya mumewe aondolewe duniani.

Nimetazama onyesho hilo mara tatu, na kila mara najikuta namshangilia, halafu najiona mjinga. Hapo ndipo ujanja wa filamu ulipo. Kati ya ndoa zote humu, hii ndiyo inayofanya kazi. Carlos na Helena wanaelewana kwa nusu sentensi, kupitia kioo cha gereza. Jaji na mkewe, wenye elimu yote na nyumba yote ile, hawawezi kumaliza mazungumzo ya dakika tano kuhusu mtoto wao. Uhalifu umewapa akina Ayala kitu ambacho sheria haikuwapa akina Wakefield: lengo moja.

Na Helena hana mlango wa kutokea. Ametoka kwenye umaskini na hataki mwanawe akulie huko. Akisema "naacha", deni halimwachi. Kwa hiyo tamaa yake tunaiona wazi, na makucha yake yote, ilhali tamaa ya jaji inaitwa utumishi wa umma. Filamu inajua tofauti hiyo. Sina hakika kama inajua kwamba inaipendelea upande mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu ya rangi. Soderbergh alishika kamera mwenyewe, akitumia jina la Peter Andrews, na akazipa hadithi tatu rangi tatu. Ohio na Washington ni buluu ya baridi. San Diego ni mwanga mwangavu wa jua la pwani. Mexico ni manjano iliyoungua, kama picha iliyosahauliwa dirishani. Kama msaada kwa mtazamaji, ni akili sana: sekunde moja tu unajua uko wapi. Lakini manjano hiyo ilitoka humo ikasambaa. Tangu hapo filamu za Marekani zikifika kusini hubadilisha hewa. Sisi tunaijua vizuri. The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, inafanya jambo la karibu na hilo: kwetu joto na rangi zinazochemka, Ulaya kijivu na buluu. Mtu aliyeamka asubuhi ya Julai pale Limuru, na ukungu umemfika kwenye nyusi, anajiuliza hiyo Kenya ya moto iko kaunti gani.

Rangi inaamua nani ana mawazo. Ndani ya buluu watu hufikiri, hukaa kimya, huumia kwa ndani. Ndani ya manjano watu hutenda na kutendewa. Manolo, mwenzake Javier, anajaribu kuwauzia Wamarekani habari za Salazar. Anagunduliwa, anapelekwa jangwani, anapigwa risasi. Ana mke, Ana, naye ndoa yao ina nyufa zake, lakini tunapewa vipande tu. Wakefield na Barbara wanapewa chumba cha kulala, sebule, na muda wa kununiana. Ndoa ya Manolo haipewi hata meza ya kulia chakula.

Hali ni hiyo hiyo, au mbaya zaidi, kwa kijana mweusi wa Cincinnati anayemuuzia Caroline dawa. Hana mama, hana swali linalomsumbua, hana historia. Yupo ili baba wa mtoto atishike. Kuna onyesho zuri ambapo Seth, mpenzi wa Caroline, anambishia jaji ndani ya gari: hebu fikiria watu weupe laki moja wakiingia mtaa huu kila siku kumuuliza kila mtu mweusi wanayemkuta kama ana dawa, uchumi wa mtaa utabaki vile ulivyo? Hoja ni kali na ya kweli. Lakini anayeitoa ni mvulana tajiri kwenye kiti cha gari la jaji. Watu wa mtaa wenyewe wako nje ya kioo.

Hapa inasaidia kujua filamu hii ilikotoka. Mwaka 1989 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha mfululizo unaoitwa Traffik, ulioandikwa na Simon Moore. Umbo ni lile lile: waziri ambaye binti yake anatumia heroini, mke wa mlanguzi huko Hamburg anayeingia kwenye biashara mumewe akishakamatwa. Lakini hadithi ya tatu ilikuwa ya Fazal, mkulima wa Pakistani anayelima mipopi, ile mimea inayotoa kasumba. Shamba linaharibiwa. Serikali inamwachisha kilimo hicho kwa nguvu, na hakuna kingine cha kulima kinacholipa. Anaenda Karachi kutafuta kazi, na kazi anayoipata ni kwa mlanguzi.

Marekani ilipoichukua hadithi hii, mkulima aliondolewa, wakaingia polisi wawili. Naelewa sababu, Mexico ni jirani na hadithi ya mpaka ilihitaji watu wa mpakani. Lakini Fazal ndiye aliyekuwa akiuliza swali gumu zaidi la kuacha. Ukimwambia mtu aache, anakwenda wapi kesho asubuhi? Bila yeye, mzigo wote wa swali hilo unabebwa na jaji, na jaji ana pa kwenda.

Tunafika basi kwenye hotuba. Wakefield amemtafuta binti yake vichochoroni, amemkuta kwenye chumba cha hoteli akiuza mwili. Anarudi Washington. Jukwaa la Ikulu, waandishi wa habari, mpango wa hatua kumi. Anaanza kusoma, anakwama. Anasema kwamba ikiwa kuna vita dhidi ya mihadarati, basi wengi wa maadui ni watu wa familia zetu, naye hajui mtu anapiganaje vita na familia yake. Anaondoka. Anachukua teksi.

Nitakuwa mkweli: onyesho hilo linanigusa kila nikiliona, na najua linatugusa Wakenya kwa njia ya pekee. Sisi ni watu ambao tumezeeka tukingoja mkubwa aseme "nimeshindwa" aende nyumbani. Tunacho hata kipande chetu cha lugha, "kukaa kando", ambacho maana yake ni kuondoka kwa muda huku ofisi ikikusubiri. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais alivunja baraza la mawaziri. Kabla ya mwezi huo kuisha baadhi ya waliofutwa walikuwa wamependekezwa tena. Hapa kwetu hata kufutwa si kuondoka. Kwa hiyo mzee wa Kimarekani akitupa karatasi na kutoka nje, mwili wote unasema ndiyo.

Lakini tazama kile ambacho kuondoka kunamgharimu. Ana nyumba. Ana mke, na ndoa ambayo, tukiwaona mwishoni wameketi pamoja kwenye kikao cha watu wanaopambana na uraibu, imeanza kupumua tena. Ana binti aliye hai. Anawaambia waliopo kwamba wamekuja kusikiliza. Ni mwisho mzuri na ninaumini. Ila vita alivyoviacha havikuachwa. Kesho yake mwingine ataapishwa, ataambiwa kisa cha barua mbili, na foleni ya San Ysidro itakuwa pale pale.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana. Sitaki kuigeuza kuwa msiba, watu wengi mnaosoma hapa mmepita hapo au mko karibu na hapo. Naitaja kwa sababu inanifanya niangalie mlango ule wa Ikulu kwa jicho lingine. Mtu wa chini akiacha, hakuna jukwaa. Hakuna anayeita hatua hiyo ujasiri. Kinachofuata ni barua pepe ya kukumbushwa deni, na shangazi anayeuliza kwa upole kama umejaribu kuzungumza na mheshimiwa fulani. Kuacha kwa heshima ni mali, na kama mali nyingine, imegawanywa vibaya. Traffic inaonyesha mgawanyo huo kwa usahihi mkubwa: jaji anaacha na anapona, Manolo anajaribu kujitoa na anazikwa jangwani, Helena hawezi kuacha kwa hiyo anapanda cheo. Inaonyesha, halafu inampa jaji muziki na machozi yetu.

Tusijifanye mpaka huu uko mbali. Novemba 2014 ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa katika mtego uliotegwa na idara ya Marekani ya kupambana na mihadarati, idara ile ile ambayo maajenti wake wanawavizia akina Ayala kwenye filamu. Januari 2017 walisafirishwa hadi New York, mwaka 2018 wakakiri mashtaka. Baktash alihukumiwa miaka 25, Ibrahim 23. Waendesha mashtaka walieleza jinsi hongo ilivyotumika Kenya kuichelewesha kesi hiyo. Vichwa vya habari vilitupa majina mawili na idadi ya miaka. Mimi nilibaki nikifikiria meza ambazo bahasha zilipita juu yake, na wake na waume waliokuwa wakingoja nyumbani siku hizo, wasiulize gari jipya limetoka wapi. Traffic ingejua kupiga picha ya sebule hiyo. Natamani mmoja wetu aiandike.

Ataandika vizuri akimwangalia Javier. Ndiye pekee humu asiyefungua barua yoyote. Hasemi uongo kwamba amebadilisha mfumo, hatoi hotuba, hakimbii. Wamarekani wanapotaka habari zake, anawapeleka ndani ya bwawa la kuogelea ili asiwepo mwenye kinasa sauti mwilini, na badala ya kujiombea pesa anaomba taa. Taa za uwanja wa besiboli mtaani kwake, ili watoto wacheze usiku wasiangukie mikononi mwa magenge.

Wapo wahakiki wanaosema huo ni utamu wa kupoza uchungu. Hao hawajaishi mtaa ambao mulika mwizi imesimikwa juzi. Ukweli ni kwamba taa ile haimalizi wizi, na mwaka unaofuata balbu inaweza kuungua ikakaa hivyo hadi kampeni. Lakini usiku wa kwanza mama wa viazi karai anakaa hadi saa nne, na watoto wanatoka nje kana kwamba wameitwa. Mtu aliyeomba kitu hicho anajua hali ya watu wake kuliko mpango wa hatua kumi.

Ni filamu kubwa, yenye upofu wake. Ina huruma nyingi kwa wanaoweza kuondoka kuliko kwa wanaobaki, na bado ilikuwa na busara ya kutomalizia Washington wala Cincinnati. Inamalizia Tijuana, kwenye benchi la uwanja, na Javier amekaa anatazama watoto wakicheza. Ni usiku. Taa zinawaka. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie Mexico, ile manjano imepungua, na unaweza kuona nyuso za watu.